Bwana Mifugo na Udongo wa Kizimbani

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwacha mbwa akikabwa na waya, kwa sababu nilikuwa nimevaa kanzu safi.

Nalitaja mapema kwa kuwa nikilichelewesha nitaanza kulipamba. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakwenda msikitini. Pembeni ya uwanja mmoja wa ujenzi, Kikwajuni, mbwa mwekundu alikuwa amepenyeza kichwa kwenye uzio wa waya, na sasa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilimwona, naye akaniona. Nikapita. Nilijiambia nina udhu, mbwa ni najisi, na mji huu una watu wengi, atatokea mwingine. Niliporudi baada ya sala alikuwa palepale, sauti imemkauka, waya umezama ndani ya manyoya. Nikasimama hatua kumi kutoka alipo, nikatoa simu, nikaanza kusoma hukumu za najisi ya mbwa: mate yake, manyoya yake, akiwa mkavu, akiwa majimaji. Kila jibu lilinipeleka kwenye swali jingine. Nilisoma mpaka karibu na alasiri. Nilitaka kwanza niwe na uhakika.

Ndipo akaja mzee mmoja juu ya baiskeli, mfuko wa ngozi begani, kofia imerudi nyuma ya kichwa.

"Wee kijana, unasubiri nini hapo?"

"Shikamoo mzee. Kuna mbwa."

"Marahaba. Mbwa nnamwona. Nnakuuliza wewe."

Akaiegemeza baiskeli ukutani, akatoa koleo na gunia.

"Njoo umshike miguu ya nyuma. Gunia hili hapa, hata hutomgusa."

"Mzee, mimi nna udhu."

"Na mimi nnao. Tutatia mwengine."

Sikwenda. Alifanya peke yake, goti moja juu ya gunia, mkono mmoja kwenye shingo ya mbwa na wa pili kwenye koleo. Waya ulipokatika, mbwa kwa ile hofu akageuka, akamng'ata kifundo cha mkono, akakimbia. Kama ningemshika nyuma asingeweza kugeuka. Hilo nalijua, naye alilijua, wala hakulisema. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama saa, kisha akatoa kwenye mfuko kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu, mkavu, uliochekechwa.

"Nimwagie maji. Hilo angalau unaliweza?"

Akaosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Mimi nilihesabu. Sikukosea hata moja. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya siku ile.

Baada ya pale alitakiwa achomwe sindano za kichaa cha mbwa, na sindano zile si za siku moja. Nilimsindikiza zote. Hakuniomba, nilikuwa namkuta kibarazani kwake nikakaa tu, nikangoja aondoke. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Kwa miaka mitano baadaye nilikuwa mtu wa nyuma ya baiskeli yake, na nikimtaja nitamwita kama mji mzima ulivyokuwa ukimwita: Bwana Mifugo. Alikuwa amestaafu kazi ya mifugo muda mrefu kabla sijamjua, lakini jina halikustaafu naye.

Na mimi niseme ni nani, ili msomaji ajue anayemsikiliza. Ni fundi simu, kibanda changu kipo Darajani. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kuharibu simu tatu za shangazi zangu. Nina maradhi ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nikifunga skrubu naifungua tena kuona kama niliifunga vizuri. Wakati ule nilikuwa natia udhu mara nne, mara tano, maana kila nikimaliza nasikia kama kisigino hakikupata maji. Watu msikitini walikuwa wakinipisha kwenye bomba kwa kucheka. Bwana Mifugo aliposikia habari hizo akanibatiza Shekhe Wasiwasi, na jina hilo akalitumia mbele ya watu bila ya huruma yoyote.

Alikuwa na mzunguko wake. Jumatano na Jumamosi, asubuhi, anaanzia Malindi kwenye magari ya punda yanayopeleka mchanga na saruji kwenye vichochoro visivyopita gari, anashuka Darajani kwa wauza kuku, anapenya Mkunazini kwenye paka, anamalizia popote atakapoitwa. Madaktari wa mifugo wapo, na aliwaheshimu, akiwapigia simu jambo likimzidi. Lakini mwenye gari la punda hampeleki punda kwa daktari mpaka mnyama aanguke. Yeye alikuwa akiwahi kabla ya kuanguka. Na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwaka wa pili wa kujuana kwetu aliniambia waziwazi anachokitaka: mzunguko ule usife siku atakaposhindwa kuona njia. Hakuwa na mwengine wa kumwachia.

"Nikishajua vizuri, inshallah," nilimjibu.

"Utajua vizuri lini? Kabla ya kiyama au baada yake?"

Nilikwisha kusoma kila nilichokipata: vidonda, minyoo, kwato, macho. Nilikuwa na daftari mbili zimejaa, kwa hati nzuri, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Nilikuwa namshikia taa, nampa pamba, namtajia kipimo cha dawa. Mnyama mwenyewe nilikuwa simgusi. Kila mwaka aliniuliza, na kila mwaka nilimpa jibu lilelile.

Jambo la kwanza lililonichosha kwake ni salamu. Tutamkuta punda ana donda begani linalovutia nzi, nami moyo unanienda mbio, yeye anamsalimia mwenye punda. Hujambo, watoto hawajambo, mkubwa kahitimu chuo, mama yake kapona mguu? Dakika kumi. Siku moja nilimwambia, tukiwa njiani, kwamba ni ukatili kumwacha mnyama na maumivu huku tunaulizana habari za miguu ya mama wa mtu.

"Punda hana pa kwenda isipokuwa anakopelekwa," akasema. "Nikimkosa mwenyewe, na punda nshamkosa. Nikimtukana leo, kesho atapita kichochoro chengine."

Mwenye punda mmoja wa Malindi nilimshuhudia mwenyewe. Mtu mrefu, mcheshi, alikuwa akilipaka lile donda oili chafu ya gari, na kwa nia njema kabisa, maana baba yake alifanya hivyo. Bwana Mifugo alipomaliza habari za mama akasema, "Hebu tia mkono hapa, chini ya mkanda."

"Wa nini?"

"Tia tu."

Akatia.

"Unasikia nini?"

"Joto."

"Na nini?"

"Kama... mshono. Uzi wa nailoni huu. Unakata."

"Shati lako lingekuwa na mshono huo?"

"Ningelichana!"

"Basi mwenzio hana mikono ya kulichana."

Mwenye punda akacheka, kisha akautoa mkono akauangalia. Palepale tukakaa kibarazani, Bwana Mifugo akatoa sindano kubwa, akaushonea mkanda ule sponji ya godoro kuukuu na kitambaa cha kikoi. Wapita njia hawakumwacha.

"Bwana Mifugo, siku hizi fundi cherehani?"

"Ndio. Lete suruali yako, nnakuona unavyokwenda upande."

Donda lilisafishwa kwa maji ya chumvi. Nilimwaga mimi, kutoka mbali. Punda alipumzishwa wiki mbili, na najua alipumzishwa kweli kwa sababu nilitumwa kwenda kuchungulia kila siku.

Hakuwa mtu wa kubembeleza wanyama, na hili wengi hawaliamini. Sikumwona hata mara moja akimpapasa paka kwa raha zake. Wageni wakisimama Forodhani kumbeba kila paka anayepita, yeye alikuwa akiguna. "Hakukuomba," alikuwa akisema. "Kama unampenda muwekee maji, uondoke zako." Paka hasa walikuwa wakimpigisha chafya. Alikuwa akitibu paka huku machozi yanamtoka, pua imekuwa nyekundu, watu wakidhani analia kwa huruma. Hakuwasahihisha. Hakumpa mnyama yeyote jina, wote waliitwa "mgonjwa," hata kuku.

Kule Mkunazini kulikuwa na bibi mmoja mwenye paka kumi na watatu, waliolala juu ya kabati, ndani ya kabati na chini ya kabati. Bwana Mifugo alitaka wafungwe uzazi. Bibi akamtolea macho.

"Unataka kuwakata wanangu?"

"Bi, wanao leo kumi na watatu. Mwezi ujao ishirini. Watatu wana macho yanatoka usaha."

"Riziki anatoa Mungu."

"Na akili katoa nani?"

Tulifukuzwa. Nilisikia mlango ukipigwa komeo mbili. Mzee akapiga chafya kichochoro kizima na kusema, "Atatuma." Kesho yake ikaja sahani ya biriani imefunikwa kawa, na pembeni ya sahani kikapu chenye paka watatu wanaolia. Hakuandika neno, wala hakusalimu. Bwana Mifugo aliila ile biriani yote kabla ya kufungua kikapu. Alisema ndiyo adabu.

Na kula alikuwa akila. Hapa ndipo vijana wenzangu walipokuwa wakimnasa. Sikukuu ya kuchinja, nyumba nyingi za mtaani zilimwita yeye, kwa sababu kisu chake kilikuwa kikali kuliko vyote na mkono wake haukurudia. Kisu alikinoa nyumbani, mnyama asikione wala kukisikia. Hakukubali mbuzi mmoja amwone mwenzake akichinjwa. Angesimamisha kazi mpaka lipatikane pazia. Akimaliza anakaa na kula maini, kwa hamu, na ndimu nyingi. Nilimuuliza vipi anaweza.

"Vipi nini?"

"Jana ulikesha na mbuzi mgonjwa, mzee. Leo unakula maini."

"Wa jana alikuwa anaumwa. Huyu hakuumwa. Kwanza nipe pilipili."

Sijui kama lile ni jibu. Mimi tangu hapo nakula nyama mara chache, na sijui kama hilo nalo ni jibu.

Lilikuwepo pia suala la kima. Shangani, ndani ya nyumba moja ya wageni, mwenye nyumba alikuwa amemfunga kima mdogo kwa mnyororo kiunoni, uani, ili wageni wapige naye picha. Alimnywesha soda. Alimpenda, kwa namna yake. Alikuwa na picha ya kima huyo kwenye simu yake, nami ndiye niliyemtengenezea hiyo simu, ndipo nikajua. Bwana Mifugo alikwenda, akaupima mnyororo kwa nyayo: hatua mbili na nusu. Akaomba chaki. Akachora duara la hatua mbili na nusu kwenye sakafu ya mapokezi, akaweka kiti katikati.

"Kaa humu mpaka alasiri. Soda nitakuletea mimi."

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa mzaha, akakaa. Simu yake ikalia juu ya meza, hakuifikia. Mgeni akaja kutaka ufunguo, hakuufikia. Mimi nilikuwa pembeni nimefurahi, nikisema moyoni sasa ameelewa, sasa hivi ataufungua mnyororo kwa machozi. Baada ya nusu saa jamaa akasimama, akafuta chaki kwa kiatu.

"Mimi binadamu, bwana. Nna kazi. Kima ana kazi gani?"

Basi ikawa hivyo. Nilikasirika kiasi cha kutaka kwenda usiku kuukata mnyororo. Bwana Mifugo alirudi pale mara kumi na moja, bila chaki, akikaa uani na kunywa chai, akipeleka mabungo na majani mabichi, akimzoesha kima kula vitu vya kima. Mwishowe mnyororo ulitoka, na si kwa maneno yake. Mke wa mwenye nyumba alichoka na makelele ya alfajiri, akasema ama kima ama yeye. Walikuja watu wa misitu wakamchukua, na kwa kuwa alikuwa amekwishazoea kula majani haikuwa vigumu kumrudisha kwa wenzake. Nilisikitika kwamba hatukushinda sisi.

"Nani kakwambia tunashindana?" akaniuliza. "Mnyororo umetoka haujatoka?"

"Umetoka."

"Basi twende, nna njaa."

Kwa watu aliokaribiana nao hakuwa na subira hiyo hata robo. Binti yake alikuwa akilalamika kwamba angependa siku moja azaliwe punda apate kusikilizwa. Aliwahi kununiana na jirani yake miezi minane kwa sababu ya kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli, na kununa kwenyewe hakukuwasaidia kuku. Alikuwa akidanganya pia. Alimwambia muuza ndege mmoja kwamba kumweka tetere ndani ya tundu dogo kunaleta kikohozi kwa mwenye nyumba. Nilimwambia hakuna kitabu kinachosema hivyo. Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Wewe na vitabu vyako," akasema, "utamharibia tetere."

Na kila mwezi alikuwa akipanda gari la shamba kwenda Kizimbani, kwa rafiki yake anayefanya kazi kwenye mikarafuu, kujaza kopo lake. Udongo wa mjini hakuuamini, alisema una kila kitu ndani yake isipokuwa udongo. Alidai ule wa Kizimbani unanukia karafuu. Nimeunusa mara nyingi, unanukia udongo. Kwa kopo lile hakuwepo mbwa asiyemgusa. Wapo waliomsema, kwamba mtu mzima, mswalihina, anashinda na mbwa. Alikuwa akiwafungulia kopo na kuwaonesha. "Sheria imenambia nioshe," alikuwa akisema. "Haikunambia nikimbie."

Nilidhani mapenzi yake kwa mbwa yalitoka kwenye moyo mwema tu. Mwaka wa nne, tukirudi kutoka Forodhani kabla ya magharibi, alinisimulia bila ya mimi kuuliza. Ajira yake ya mwanzo kabisa, akiwa kijana kama mimi, alipewa ndoo ya nyama iliyotiwa sumu na orodha ya mitaa. Mbwa wa mitaani walikuwa wengi, watu wakiogopa kichaa. Kazi ilikuwa kupita alfajiri na kutupa, na kurudi baadaye kukusanya.

"Wenzangu walikuwa wanakwepa," akasema. "Wengine wanaimwaga nyama pwani, wanarudi wanasema wamemaliza. Mimi sikukwepa. Nilikuwa na daftari. Nilipita kila kichochoro, nikaandika. Ndoo yangu haikurudi na kipande hata kimoja. Nilisifiwa."

Alisimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Niliifanya vizuri sana kazi ile, Shekhe Wasiwasi. Kama wewe unavyopenda mambo yafanywe."

Nikamsindikiza mpaka kwake. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kufanya kitu bila kosa na kufanya kitu chema ni jambo moja, na kwamba mimi nilichokosa ni mazoezi tu. Wiki nzima sikufungua daftari zangu.

Ungedhani baada ya hapo nilibadilika. Sikubadilika. Mwaka wa tano macho yalimzidi; alimgonga muuza machungwa kwa baiskeli, akaanguka yeye na machungwa. Binti yake akaja kumchukua, akahamia kwake Tunguu. Kabla ya kuondoka aliniuliza mara ya mwisho kuhusu mzunguko. Nilimwambia nimebakisha kusoma sehemu ya dawa za usingizi. Akasema haya, akaingia ndani ya gari. Hakunitania. Ningependelea anitanie.

Mwaka mzima hakuna aliyepita Malindi Jumatano. Mwenye punda yule mrefu alikuja kibandani kwangu mara mbili, si kwa simu. "Yule mnyama kaanza kuchechemea," alisema. Nilimwandikia kwenye karatasi la kufanya, kwa hati nzuri. Mara ya pili nilimpa namba ya daktari. Daktari alikuja, na akakuta kwato limeoza kiasi cha kwamba punda hakuvuta gari tena. Kitu cha dakika ishirini, kama kingewahiwa, na nilikuwa nakijua, kipo ukurasa wa kumi na mbili wa daftari la kwanza.

Nikaenda Tunguu kumwambia. Nilibeba halua. Nilimkuta kakaa nje ya nyumba ya bintiye, miwani nene, uso kaugeuzia sauti ya kuku. Nilimsimulia habari za punda nikiwa nimeinama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyewe hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anauza maji ya barafu sasa."

"Mpelekee salamu."

Tulikuwa bado kwenye chai akaja jirani, kijana wa rika langu, anamvuta ng'ombe wa gari. Mama yake ndiye aliyemwambia kwamba mzee anajua mambo ya wanyama. Ng'ombe alikuwa na kamba ya nailoni iliyopita puani, ya miaka, na nyama ilikuwa imeota juu yake. Upande mmoja kamba haikuonekana tena. Alikuwa anapumua kwa kukoroma, na kila kijana alipovuta alifumba macho.

Bwana Mifugo alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa ng'ombe taratibu mpaka puani, akaurudisha.

"Mimi sioni," akamwambia kijana. "Huyu fundi anaona."

"Mzee, sijawahi," nikasema. "Nimesoma tu. Ngoja nimpigie daktari, kesho anaweza..."

"Kesho ana safari ya matofali," kijana akadakia, kwa aibu. "Si yangu gari. Mwenyewe hatangoja."

Bwana Mifugo akainuka, akaishika fimbo yake.

"Nnakwenda kuswali," akasema.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakuna sala ya saa nne asubuhi ambayo haikuweza kungoja. Akaingia ndani na mlango akaufunga.

Tulibaki watatu: mimi, kijana, na ng'ombe. Nilijua kwamba nikiondoka kamba ile itavutwa kesho siku nzima. Nikamwomba binti maji ya moto na chumvi. Tukamfunga kichwa kwenye mnazi, kwa chini, kijana akamkumbatia shingo. Nikanawa mara moja. Nilitaka kunawa tena, nikaona kijana anaanza kuchoka, nikaacha. Nikaweka mkono juu ya pua. Ilikuwa na joto kuliko nilivyotarajia, na nilisikia pumzi yake ikiingia kwenye mkono wa shati langu mpaka kiwikoni.

Nililainisha kwa maji ya chumvi, nikakata. Hapo ndipo nilipokosea. Inatakiwa ukate karibu na nyama, uvute kutokea upande ulio safi, ili fundo na uchafu visipite ndani ya kidonda. Nililijua hilo. Lakini nilitaka kumaliza upesi, nikakamata ncha iliyokuwa karibu, nikavuta, fundo likapita. Ng'ombe alilia, akarusha kichwa, pembe ikanipata kwenye mbavu. Damu ikanimwagikia shati lote. Kamba ilikuwa mkononi mwangu, nyeusi, inanuka. Nikaosha kidonda kwa maji mengi, tena na tena, mpaka damu ikapungua. Tukamtengenezea hatamu ya kichwani kwa kipande cha khanga ya binti, ya kumwongozea bila kugusa pua, na nikamwambia kijana siku ngapi aoshe na dalili gani zikitokea aje mbio. Nikampigia daktari pia, nikamwambia nilivyofanya pamoja na kosa, akasema atampitia.

Bwana Mifugo alitoka wakati ninafuta mikono. Akamwendea ng'ombe, akaweka vidole pembeni ya kidonda, kidogo sana.

"Umevuta upande mbaya."

"Naam."

"Umejua lini?"

"Palepale ilipokuwa inapita."

"Imemuumiza?"

"Sana. Kalia."

Akatikisa kichwa. Nilingoja aseme neno kubwa, nikalitaka hasa, baada ya miaka sita. Alimgeukia kijana akamuuliza mama yake anaendeleaje na kisukari. Kisha wakazungumza habari za kisukari, na ng'ombe akainama, akaanza kula majani kwenye miguu ya mzee.

Nimerudi Tunguu mara tatu tangu siku hiyo. Pua imepona, kovu limebaki limekaa upande, kazi yangu hiyo. Jumatano na Jumamosi nafunga kibanda asubuhi, napita Malindi, Darajani na Mkunazini, nasalimia watu kwa dakika kumi kabla sijauliza habari za mnyama. Jambo likinizidi nampigia daktari, na bado nakosea, na makosa nayaandika. Zamani mnyama alikuwa akingoja mpaka nimalize kusoma. Sasa namtibu kwanza, kusoma nasoma nikisharudi nyumbani.